Somo la Wiki: Sehemu ya pili ya sinema hulipiwa kabla ya mlango kufunguliwa

WAFANYABIASHARA wengi huamini kuwa bidhaa iliyouzika mara ya kwanza itauzika mara ya pili bila taabu. Imani hiyo ndiyo inayoendesha biashara ya sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka angani, wanaopigwa risasi wasife, na wanaopambana na viumbe kutoka sayari nyingine. Sinema ya kwanza ikipata watu, ya pili hutengenezwa, kisha ya tatu na ya nne.

Somo la wiki hii linahusu biashara hiyo ya mwendelezo, kuanzia kwa makampuni ya Marekani yanayotoa mamilioni ya dola hadi kwenye kibanda umiza cha Mwanga, Gungu au Ujiji, ambako mtazamaji hutoa kiingilio chake mlangoni na kukaa kwenye benchi. Mitaji hiyo miwili inatofautiana sana kwa ukubwa, lakini hesabu yake ni ile ile. Umaarufu wa sehemu ya kwanza una bei, na mara nyingi bei hiyo hulipwa mapema, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Asiyeijua bei hiyo huweza kujaza ukumbi na bado akapata hasara.

MAUZO NA FAIDA NI VITU VIWILI

Mfano unaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni wa sinema ya Black Panther. Sehemu ya kwanza ilitoka Februari 2018. Mmoja wa waigizaji wake wakuu ni Lupita Nyong'o, Mkenya, na mwezi huo huo sinema hiyo ilizinduliwa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, katika kaunti ambayo baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana. Duniani kote iliuza tiketi za dola bilioni 1.35 hivi. Gharama ya kuitengeneza ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200.

Sehemu ya pili, Black Panther: Wakanda Forever, ilitoka Novemba 2022. Iliuza tiketi za dola milioni 859 hivi, na gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 250. Kwa mtu anayesoma mauzo peke yake, mapato yamepungua kwa asilimia 36. Hapo wengi hufunga daftari na kusema biashara imeshuka kidogo lakini bado ni nzuri.

Mwenye mtaji hana budi kwenda hatua moja zaidi. Fedha yote ya tiketi haiendi kwa aliyetengeneza sinema, kwani wenye kumbi huchukua sehemu yao. Ikichukuliwa kwa makadirio kuwa nusu ndiyo inayorudi kwa mtengenezaji, sehemu ya kwanza ilirudisha dola milioni 675, na baada ya kutoa gharama zikabaki 475. Sehemu ya pili ilirudisha karibu milioni 430, na baada ya kutoa gharama zikabaki 180. Hapo matangazo hayajahesabiwa, wala mapato ya televisheni na vitu vya kuchezea watoto.

Kwa hesabu hiyo, mauzo yamepungua kwa asilimia 36, lakini kilichobaki mfukoni kimepungua kwa asilimia 62. Sababu ni mbili zilizokutana mahali pamoja: wateja walipungua wakati gharama zilipanda. Sehemu ya pili haikupata hasara, tena ilikuwa miongoni mwa sinema zilizouza sana mwaka ule. Lakini kila dola iliyowekwa ilileta kidogo kuliko mara ya kwanza.

Kupanda kwa gharama hakukuja kwa bahati mbaya. Kwa kawaida sinema ikipendwa, waigizaji hudai malipo makubwa zaidi, na watazamaji hutaka mapambano makubwa kuliko waliyokwisha kuyaona. Hiyo ndiyo bei ya umaarufu. Muuza samaki anaijua: mwalo ukishasifika kwa dagaa safi, bei ya dagaa pale pale mwaloni hupanda, na anayekuja baadaye kwa kusikia sifa hununua kwa bei ya sifa.

NGAZI INAYOTEREMKA

Historia ya mashujaa hawa inaonyesha kuwa jina huliwa kama akiba. Mauzo ya tiketi nchini Marekani kwa sinema nne za Superman yalikuwa kama ifuatavyo:

Superman (1978): dola milioni 134
Superman II (1981): dola milioni 108
Superman III (1983): dola milioni 60
Superman IV (1987): dola milioni 16

Shujaa alikuwa yule yule, nguo zile zile, na mwigizaji mkuu yule yule, Christopher Reeve. Kilichopungua ni ubora. Kwa sinema ya nne bajeti ilikatwa sana, na watazamaji waliona kazi ilivyolipuliwa. Waliolipia tiketi ya pili walilipa kwa imani waliyoipata kwenye ya kwanza. Kila ilipotoka sehemu isiyoridhisha, akiba ya imani ilipungua, na mwisho jina peke yake halikuweza kumtoa mtu nyumbani.

Hata katika miaka ya karibuni ngazi hiyo imeonekana. Sinema ya Captain Marvel ya mwaka 2019 iliuza zaidi ya dola bilioni 1.1 duniani. Mwendelezo wake, The Marvels, uliotoka Novemba 2023, uliuza karibu dola milioni 206, chini ya moja ya tano ya ile ya kwanza.

Si kila mwendelezo huteremka. Terminator ya mwaka 1984 ilitengenezwa kwa dola milioni chache na ikauza chini ya milioni 80, lakini Terminator 2 ya mwaka 1991 iliuza zaidi ya dola milioni 500. Batman Begins ya mwaka 2005 iliuza chini ya milioni 400, na mwendelezo wake wa mwaka 2008, The Dark Knight, ukavuka bilioni moja. Katika mifano hiyo miwili bidhaa yenyewe iliboreshwa, na sehemu ya kwanza haikuwa imefika kileleni. Ni rahisi kupanda kutoka katikati ya ngazi kuliko kutoka juu kabisa.

STARINGI AKIONDOKA

Katika vibanda vya Tanzania kuna msemo unaojulikana na kila mtoto: staringi hafi. Mwendelezo wa Black Panther uliuvunja msemo huo kwa namna ya kusikitisha. Chadwick Boseman, aliyeigiza kama mfalme wa Wakanda, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020 kwa maradhi ya saratani. Watengenezaji waliamua kutomweka mtu mwingine katika nafasi yake. Hadithi ikaandikwa upya, mfalme akafa ndani ya sinema pia, na dada yake Shuri, aliyeigizwa na Letitia Wright, akabeba jukumu la shujaa.

Kwa mfanyabiashara hili ni somo la kutegemea mtu mmoja. Kibanda umiza nacho kina staringi wake, naye haonekani kwenye kioo. Ni mtafsiri, yule anayeketi na kipaza sauti na kuigeuza sinema ya Kiingereza, Kihindi au Kichina kuwa ya Kiswahili, akiongeza mzaha na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye mikanda aliyoitafsiri ilitazamwa na wengi. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda kazi hiyo imekuwa na watu wake mashuhuri kama VJ Jingo.

Mwenye kibanda anayeweka mtaji wote kwenye kioo kikubwa na spika, akasahau kuwa wateja hufuata sauti ya mtafsiri mmoja, amejenga nyumba juu ya nguzo moja. Mtafsiri akihamia kibanda cha jirani, wateja huondoka naye. Dawa yake ni kumpa mtafsiri sehemu ya mapato badala ya ujira wa siku, na kumlea wa pili angali wa kwanza yupo.

NJIA YA SINEMA KUFIKA UJIJI

Zamani sinema ilikuwa biashara ya majumba. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire na Empress. Miaka ya 1980 iliingia deki ya video, na mwaka 1994 televisheni ya ITV ikaanza kurusha matangazo. Majumba makubwa yalikosa watu, na vibanda vikachukua nafasi yao mitaani. Kwa mji ulio mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, mkanda mmoja uliosafiri kwenye begi la abiria wa treni ulikuwa shehena nyepesi kuliko shehena zote.

Mji huo una faida nyingine. Kiswahili huzungumzwa ng'ambo zote mbili za ziwa. Abiria na wafanyabiashara wanaoshuka Kibirizi kwa maboti kutoka upande wa Kongo husikia tafsiri ile ile na kuielewa. Thamani inayoongezwa Kigoma kwenye sinema ya Marekani haiko katika picha bali katika lugha, na mwenye lugha hiyo yuko hapa hapa.

Lipo pia jambo la sheria ambalo mwenye mtaji hapaswi kulifumbia macho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inasimamia maonyesho ya sinema na mahali yanapofanyika, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mali ya mtengenezaji. Kibanda kinachoonyesha nakala isiyo na idhini kimeweka mtaji wake mahali ambapo unaweza kukamatwa siku moja, pamoja na kioo, deki na spika. Hatari hiyo ni gharama. Isipoandikwa kwenye daftari, faida inayoonekana si faida kamili. Vivyo hivyo, kudurufu sinema kwenye flashi na kuziuza ni kosa, hata kama soko lipo.

HESABU YA SIKU TANO

Ufuatao ni mfano wa hesabu tu, wenye tarakimu za kufundishia. Kibanda kinaingiza watu 80, kiingilio ni Sh. 500, na sehemu ya pili ya sinema inayosubiriwa itaonyeshwa mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza kibanda kinajaa mara zote mbili: Sh. 80,000. Kila siku inayofuata watu wanapungua kwa nusu. Siku ya pili ni Sh. 40,000, ya tatu 20,000, ya nne 10,000 na ya tano 5,000. Umeme, pango na mlinzi ni Sh. 8,000 kwa siku. Mtafsiri amepatana Sh. 30,000 kwa sinema nzima.

Mwenye kibanda wa kwanza anaendesha kama kawaida. Kwa siku nne anapata Sh. 150,000. Anatoa 30,000 za mtafsiri na 32,000 za uendeshaji, anabakiwa na Sh. 88,000. Siku ya tano ingemletea 5,000 kwa gharama ya 8,000, kwa hiyo anabadilisha sinema.

Mwenye kibanda wa pili amesikia sifa za sehemu ya kwanza. Anakodi projekta na spika kubwa kwa siku nne, Sh. 120,000, kwa kuamini kuwa mapato yatalipa. Kibanda chake ni cha watu 80 vile vile, na siku ya kwanza kingejaa hata bila projekta. Kwa siku nne anapata Sh. 150,000 zile zile na kutumia 182,000. Amepata hasara ya Sh. 32,000 katika wiki ambayo mtaa mzima ulimsifu kwa kujaza watu.

Mambo matatu yanaonekana hapo. Kwanza, ukumbi uliojaa hauwezi kujaa zaidi, na fedha inayotumika kuwavutia watu ambao wangekuja hata hivyo imepotea. Pili, fedha ya mwendelezo huja mapema na kukauka haraka, hivyo kuichelewesha sinema mpya ili kuing'ang'ania ile ya zamani ni kula faida ya jana. Tatu, faida ndogo ya pembeni ina uzito wake. Hata kwenye kumbi za Marekani, wenye ukumbi hutegemea sana bisi na soda, kwa sababu sehemu kubwa ya kiingilio hurudi kwa msambazaji. Kibandani ni karanga, maji na kuchaji simu.

MWEZI MCHANGA, MWEZI MPEVU

Kigoma ina kalenda ya fedha isiyopatikana Dar es Salaam. Uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika usiku wa giza, kwani mwanga wa mwezi huishinda taa na dagaa hawakusanyiki. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, wavuvi wa Katonga, Kibirizi na Ujiji hupumzika. Usiku huo ndipo wana nafasi ya kukaa kwenye benchi la kibanda, na siku za mwanzo za mapumziko ndizo ambazo mapato ya giza bado yako mfukoni. Mwenye kibanda anayeweka sinema yake kubwa katikati ya giza humwonyesha shujaa mbele ya mabenchi matupu. Sinema hiyo hiyo, ikisogezwa mbele siku chache tu, ingejaza kibanda bila kuongeza gharama hata senti.

Kalenda hiyo ina hatari zake. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila mavuno ya ziwa ni miezi mitatu ambayo mama lishe, bodaboda, muuza vitenge na mwenye kibanda wote humngoja mteja mmoja. Anayekopa ili kupanua biashara kabla ya kipindi kama hicho, kwa sababu tu miezi iliyopita ilikuwa mizuri, anafanya kosa la watengenezaji wa mwendelezo: anahesabu wateja wa jana kana kwamba ni wa kesho.

WALIONUNUA ILI WAUZE BAADAYE

Ugonjwa wa mwendelezo huwapata pia wenye akiba ndogo. Mwaka 1992 jarida la Superman namba 75 lilitoa hadithi ya kifo cha shujaa huyo. Wamarekani walinunua mamilioni ya nakala, wengine zaidi ya moja, wakaziweka zikiwa zimefungwa. Walijua kuwa majarida ya kale ya mashujaa huuzwa kwa bei kubwa, wakaamini kuwa na hili litafuata njia hiyo. Lakini majarida ya kale yalikuwa ghali kwa sababu yalibaki machache. Hili lilitunzwa na mamilioni, hivyo bei yake ya kuuzia ilibaki chini, na mwaka uliofuata shujaa alirudishwa akiwa hai. Soko la majarida lilianguka, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilinunuliwa na Disney kwa karibu dola bilioni 4.

Katika soko la hisa la Nairobi yalitokea yanayofanana. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa umma kwa Sh. 11.90 za Kenya, na zilipoanza kuuzwa sokoni zikapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka 2008 zilipokuja za Safaricom kwa Sh. 5, watu waliziomba kupita kiasi kilichokuwapo, wengine kwa fedha za mkopo, wakitarajia kuuza haraka kwa faida ile ile. Kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa chini ya Sh. 5. Kampuni yenyewe haikuwa mbaya, na walioweza kusubiri miaka waliona bei ikipanda mbali juu ya hapo. Walioumia ni wale waliokopa ili kununua sehemu ya pili ya hadithi ya KenGen.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kuweka fedha kwenye jambo lolote ambalo sifa yake ni kuwa "lile la kwanza lililipa", mwenye mtaji na ayajibu haya kwa kalamu na karatasi:

1. Bei ya leo imepanda kiasi gani kuliko ile waliyolipa wa kwanza? Kama mauzo yakipungua kwa theluthi moja, je, bado kutabaki kitu?

2. Bidhaa imeboreshwa, au limebaki jina tu?

3. Ni nani asipokuwapo biashara itasimama? Je, yuko wa kushika nafasi yake?

4. Fedha itaingia kwa siku ngapi kabla haijakauka, na mkopo unatakiwa kulipwa lini?

5. Mteja mwenyewe anategemea nini? Kwa Kigoma jibu mara nyingi ni ziwa, na ziwa lina giza lake, mbalamwezi yake na miezi yake ya kufungwa.

Anayepata majibu mazuri kwa maswali yote matano aweke fedha yake bila hofu kubwa. Anayeshindwa kulijibu swali la kwanza ni bora anunue tiketi, akae kwenye benchi na kuitazama sinema kama mteja.